Wanaochoma moyo kwa katheta ya sumaku, tuisubiri au?

Nkuhungu_Dom: Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu moyo unamwenda mbio ghafla tu, anakaa chini jasho linamtoka, baadae unatulia wenyewe. Daktari kasema kuna kinjia cha umeme cha ziada kwenye moyo, inabidi wapitishe katheta (kale kamrija kembamba) kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni wakakichome. Sasa braza kaona mtandaoni Marekani wanaiongoza kwa sumaku, anasema tusubiri tutafute hiyo, na shangazi kashamnunulia bangili ya sumaku sokoni Majengo eti inavuta ugonjwa. Mama anaogopa, naombeni mwongozo.

Nesi_AreaD: Pole sana ndugu yangu, na mama umpe pole. Sumaku haivuti ugonjwa, kazi yake ni kuelekeza ncha ya katheta tu. Ipo mashine inaitwa Niobe ya kampuni ya Stereotaxis, ina sumaku mbili kubwa huku na huku ya kitanda, nguvu yake kama tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) wakati MRI nyingi, zile mashine za sumaku za kupiga picha za mwili, ni 1.5, na ncha ya katheta ina visumaku vidogo, zile kubwa zikigeuka na yenyewe inageuka, mota inaisukuma mbele, daktari yupo chumba cha pembeni na kompyuta hapigwi na eksirei. Uzuri wake hasa ile katheta ni laini mno, inagusa ukuta wa moyo bila kuukandamiza kwahiyo hatari ya kuutoboa inapungua. Ila kinachotibu ni lile joto linalochoma kinjia, na katheta ya kuongozwa kwa mkono inalo vilevile na ndiyo inayotumika sehemu nyingi duniani. Msisubiri sumaku jamani.

Fundi_VifaaTiba: Dada kamaliza. Bangili haimtibu, asije akaacha dawa kwa ajili yake. Na kama hapo nyumbani kuna mwenye pesimeka (kile kifaa kinachowekwa kifuani kuendesha mapigo ya moyo) asiweke sumaku karibu na kifua, inaweza kuifanya ipige kwa kasi ileile tu bila kufuata moyo wake mpaka uiondoe.

Nkuhungu_Dom: Asanteni sana aisee. Sasa kwa daktari niulize nini?

Nesi_AreaD: Kinjia kiko upande gani wa moyo, wanafanya wenyewe au wanampa rufaa Dar, na dawa zipi asimamishe kabla. Halafu akishikwa tena mkimbizeni apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mapigo yakiwa bado juu, yakishatulia mara nyingi haionyeshi kitu. Akizimia au kifua kikimbana hiyo ni emajensi, hata kama ni saa nane usiku.