Waasisi wa Marekani: Wakristo kweli, au Mungu wao alikuwa fundi saa?

Mkaa Mlangoni: Wadau, Jumapili mhubiri wetu katuambia Marekani imebarikiwa kwa sababu waasisi wake wote walikuwa wacha Mungu. Jirani yangu kwenye benchi akaninong'oneza kwamba nusu yao walikuwa wadeisti, yaani Mungu yupo, aliiumba dunia kama fundi anavyounda saa, akaitia ufunguo, akaenda zake. Hakuna miujiza wala ufunuo. Nimsadiki nani?

Sauti ya Nyikani: Msadiki mhubiri. John Witherspoon alitia saini Azimio la Uhuru, 1776, naye alikuwa mchungaji wa Kipresibiteri. Azimio lenyewe linamtaja Muumba. Washington alikuwa kwenye baraza la kanisa lake la Kianglikana. Mdeisti wa kweli pale ni yule mwandishi Thomas Paine tu, na huyo hata saini yake haimo.

Pweza Mkavu: Washington huyu huyu ambaye ikifika meza ya Bwana anaondoka? Mjukuu wa mkewe ameeleza vizuri tu: siku za komunyo babu alitoka naye baada ya baraka, wakarudi nyumbani, halafu gari la farasi likarudishwa kanisani kumchukua bibi. Na Jefferson, mwandishi wa hilo Azimio, ndiyo usiseme. Akiwa mzee wa miaka sabini na kitu alichukua kisu, akakata maneno ya Yesu kwenye Injili, akayabandika kwenye daftari. Miujiza na ufufuko akaviacha kwenye mabaki. Halafu soma mkataba wao na Tripoli, Libya ya leo, wa 1797, kifungu cha 11: serikali ya Marekani haikujengwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo. Seneti yote ilikubali, Rais John Adams akasaini.

Sauti ya Nyikani: Ule ulikuwa mkataba wa meli zipite salama. Ukiongea na Waarabu unawaambia wanachotaka kusikia, basi. Na mbona hamsemi sarafu zao tangu enzi za Washington zimeandikwa wanamtumaini Mungu?

Mwalimu Mstaafu: Sarafu ni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuwa kaulimbiu ya taifa ni 1956. Ila nyote mnamruka Benjamin Franklin, naye mwasisi. Akiwa kijana alikutana na vitabu vya kupinga udeisti, akaona hoja zinazopingwa ndizo zenye nguvu, akawa mdeisti. Lakini 1787 kwenye Bunge la Katiba, Philadelphia, ana miaka 81, wajumbe wamekwama, ni yeye aliyesimama kuomba kila asubuhi waanze kwa sala, akisema Mungu anatawala mambo ya wanadamu. Huyo si Mungu wa fundi saa. Na hao mnaowaita wacha Mungu hawakuipitisha hoja yake. Mjumbe mmoja, Williamson, alisema hawana hela ya kumlipa mchungaji.

Pweza Mkavu: Hahaha, kumbe suala la bahasha ya mchungaji ni la zamani hivyo!

Sauti ya Nyikani: Baba yangu ni mchungaji miaka 30 na anaendesha baiskeli. Chunga mdomo.

Mwana wa Bandarini: Turudi kidogo. "Ukiongea na Waarabu" ndiyo nini, ndugu yangu? Unatuambia maseneta wako wacha Mungu waliandika uongo na kuutia saini, kisha hao ndio mfano wa Ukristo? Jefferson mwenyewe alinunua Kurani 1765 akisomea sheria, na nakala yake ndiyo Keith Ellison, mbunge Mwislamu wa Marekani, aliapia 2007. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani 1833, konseli wao akaja Unguja 1837. Na pale aliambiwa alichotaka kusikia?

Sauti ya Nyikani: Nilisema maharamia.

Mwana wa Bandarini: Uliandika Waarabu. Panda juu usome.

Mkaa Mlangoni: Jamani, mimi niliuliza habari ya mhubiri.

Bi Kiremba: Samahani nawakatiza. Huo mkataba wa Sayyid Said ndio ulioleta merikani? Bibi alikuwa nayo sandukuni, ngumu kama turubai, rangi ya maziwa yaliyolala.

Mwana wa Bandarini: Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja hata kabla ya mkataba, dada, ila ndiyo hiyo hiyo. Pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya kwao, wakirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Jina la nchi likawa jina la kitambaa. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini, na Jefferson aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa aliwamiliki zaidi ya 600 maishani mwake.

Sauti ya Nyikani: Sasa utumwa umeingiaje hapa? Na Unguja je, karafuu zililimwa na nani?

Mwana wa Bandarini: Watumwa, sikatai. Nimekujibu. Wewe bado hujanijibu kuhusu maseneta.