RNA ya mizizi ya msonobari inaniharibikia, nifanyeje?

Mwana_Elburgon
Hamjambo wadau. Nasoma uzamili hapa Njoro. Nachunguza jeni zipi za kuvu huamka inaposhikana na mizizi ya msonobari. Nachimba miche asubuhi kwenye kitalu kimoja Elburgon, naitia kwenye kibebeo chenye barafu, napanda matatu, nafika maabara saa sita. RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi wakati huo) inatoka ya kahawia, na nikiipima kwenye jeli naona moshi tu, mistari ya RNA nzima hakuna. Mara ya tatu hii. Msimamizi wangu siku hizi ananijibu "sawa" peke yake.

Jembe_na_Pipeti
Pole ndugu. Hayo ni mambo mawili. Ukahawia ni tanini za msonobari. Tumia mchanganyiko wa CTAB na PVP, kemikali za kuziondoa. Moshi ni RNA iliyokatikakatika. Na hata isingekatika, mzizi ukishang'olewa jeni zinaendelea kubadilika humo humo njiani, kwa hiyo ungepima safari ya matatu. Gandisha palepale kitaluni.

Mwana_Elburgon
Nitrojeni ya maji Elburgon niitoe wapi?

Jembe_na_Pipeti
Na ng'ombe wote hao wa maziwa? Mtafute daktari anayewapandikiza mbegu, mtungi wa nitrojeni anatembea nao. Mlipe akujazie flaski. Ni nyuzi -196, vaa glavu, na kifuniko usikikaze, ukikikaza flaski italipuka.

DadaKuvu_Kisumu
Umeotesha kuvu hiyo peke yake kwenye sahani? Bila ya kulinganisha nayo, huwezi kusema jeni "imeamka". Kuvu ya *Laccaria bicolor*, ambayo jenomu yake (jeni zake zote) ilichapishwa 2008, ina jeni ya MiSSP7 inayopanda mno ikiwa mzizini. Protini yake huingia hadi kwenye kiini cha seli ya mti wa mpopla na kuzima ulinzi unaoendeshwa na asidi ya jasmoni. Mgeni anamfumba mbwa mdomo kwanza, ndipo anaingia. Ya kwako huenda ikatumia protini nyingine kabisa.
Halafu chagua ncha za mizizi fupi, nene, zilizogawanyika kama panda ya manati, ndizo zenye kuvu. Zile ndefu nyembamba zenye vinyweleo ziache.

MamaMiche_Molo
Mwanangu, RNA siijui. Lakini mwenye kitalu anatia DAP, ile mbolea yenye fosfeti? Sisi huchota udongo wenye kuvu chini ya misonobari mikubwa tukachanganya na wa kitalu, na mbolea tunabana. Fosfeti ikizidi, mche hauna haja ya kuvu ya kuutafutia, na hizo panda huzioni.

Mwana_Elburgon
Mama, nimempigia sasa hivi. DAP kila wiki mbili. Na panda sijawahi kuziona hata moja.