Naomba ushauri: kaka hajapanda, na mvua inanipita

Hamjambo wenzangu. Niko Seme, Kaunti ya Kisumu. Kwa mila yetu Wajaluo, mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Mama ameshapanda. Anayefuata ni kaka, naye yuko kazini Mombasa, kila nikimpigia ananiambia, "Nangojea likizo." Shamba langu limelimwa mara mbili, magugu yameanza kuchipuka tena, na mbegu ziko chini ya kitanda. Nikichelewa, mvua itakatika mahindi yakitoa mbelewele.

Mama anahofia chira, yaani laana inayosemekana humpata anayevunja mila, akadhoofika hata kufa. Simdharau hata kidogo: utaratibu huu umetufunza kuheshimiana, na hapa bomani hatujawahi kugombania shamba. Lakini nakumbuka pia miaka ya 1990, wagonjwa wangapi wa Ukimwi waliambiwa ni chira, wakanyweshwa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, badala ya kupelekwa hospitali. Hofu hiyo iliua watu.

Nafikiria kumwomba kaka amruhusu mwanawe, ambaye anaishi hapa na mama, apande mbegu chache kwenye shamba la babake kwa niaba yake. Je, wazee hukubali hivyo? Na mama nimwelezeje asione nimemkosea heshima? Naombeni mnijibu upesi.