Nanaa na mchaichai kwenye bidoni, Goma: majani machanga yanakuwa manjano

Mama wa Katindo
Habari zenu wapendwa. Parseli (kiwanja chetu) ni mawe ya volkano matupu, hakuna pa kuchimba, kwa hiyo nanaa na mchaichai wa chai viko ndani ya bidoni za lita 20 zilizokatwa ubavu. Udongo ni ule mweusi wa kununua kwa mfuko. Kila wiki vinapata kiganja cha majivu ya mbabula (jiko la makaa), na maji kila asubuhi. Sasa majani machanga ya nanaa ni manjano huku mishipa imebaki kijani, na mchaichai unakauka ncha. Ni udongo, ni maji, au ni moshi wa volkano ya Nyiragongo? Na kuvuna kunaanza lini?

Bustani Himbi
Mama, ni majivu. Yanaondoa asidi ya udongo, na asidi ikipungua sana madini ya chuma hayayeyuki, mizizi inashindwa kuyanyonya hata kama yamejaa humo. Ndiyo maana manjano yameanza juu, kwenye majani machanga, na mishipa ikabaki kijani. Ingekuwa ni upungufu wa nitrojeni, yangeanza majani ya zamani ya chini, tena jani zima pamoja na mishipa yake.

Acha majivu kabisa. Ng'oa nanaa, kung'uta udongo wote, kata mizizi iliyozunguka ukuta wa bidoni, kisha panda upya: udongo mafungu 2, mboji iliyoiva fungu 1, changarawe ya lava ya ukubwa wa punje ya mahindi fungu 1. Samadi ya kuku isiyooza inaunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu kwanza. Chini ya bidoni toboa matundu 8 kwa msumari wa moto. Bidoni iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya gari usiitumie, hata ukiiosha mara ngapi.

Na usichanganye nanaa na mchaichai katika chombo kimoja. Nanaa inatambaa kwa mashina ya chini na itajaza kila kona. Tena inapenda kivuli kidogo na unyevu, wakati mchaichai unadai jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku.

Papa Ndosho
Yote sawa. Ningeongeza mawe makubwa chini ya bidoni, sentimita 10 hivi, ili maji yatoke haraka.

Bustani Himbi
Hapana, Papa. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo wa juu yake uwe umelowa kabisa. Mawe hayo yanapandisha tope karibu na mizizi, na yanakula nafasi ambayo bidoni haina. Kigae kimoja juu ya kila tundu kinatosha.

Mkulima wa Sake
Kuhusu ncha za mchaichai: hiyo ni kiu. Bidoni nusu juu ya lava yenye joto inakauka kabla ya jioni, hasa Juni hadi Agosti. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikombe kidogo kila siku kinalowesha juu tu. Tandaza nyasi kavu, na inua bidoni juu ya vipande viwili vya mbao.

Moshi wa volkano unaacha madoa makavu upande wa juu wa majani, kwenye mimea ya kila aina kwa wakati mmoja. Ukiona vumbi la rangi ya machungwa chini ya majani ya nanaa tu, huo ni ugonjwa wa kutu: kata shina zote karibu na udongo, zichome, usizitupe kwenye mboji. Majivu ya volkano yakianguka, osha majani vizuri, na maji ya mvua ya paa ya siku hizo yasiende kwenye birika. Yanaweza kuwa na floridi, na kuchemsha hakuiondoi.

Kuvuna: nanaa ikifika sentimita 20, kabla ya maua, asubuhi umande ukishakauka, bakiza jozi mbili za majani chini ili ichipue. Mchaichai, kama miezi 4 tangu kupanda vipande, kata majani ya nje sentimita 15 juu ya udongo. Vaa glavu, kingo zake zinachana.

Mama wa Katindo
Asanteni sana. Nikianika juu ya mabati, harufu itabaki?

Mkulima wa Sake
Haitabaki, jua linafukuza mafuta ya jani. Funga vishada vidogo, ning'iniza kivulini penye upepo mpaka jani livunjike kwa mlio. Msimu wa mvua, weka kwenye chupa ya kioo siku mbili uangalie: ukiona ukungu wa maji ndani, toa uanike tena, la sivyo litaota kuvu. Mchaichai mbichi, majani 5 kwa lita, uchemke dakika 10. Nanaa usiichemshe: mimina maji ya moto, funika dakika 5.