Kuuza khanga mtandaoni tukiwa Uingereza: nianzie wapi?

Kutoka: Mama Z., Leicester

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wote habari za huko mliko.

Nina shangazi mwenye duka la khanga na vitenge Kariakoo, yuko tayari kuninunulia mzigo na kunitumia kwa ndege. Kila nikijifunga khanga kwenye shughuli hapa naulizwa nimeitoa wapi, nami nimeamua kuanza biashara. Nimepata mtu wa kunitengenezea nembo na tovuti, anataka pauni 600 kwa vyote viwili. Kabla sijatoa hizo hela nawauliza mliotangulia: ndipo pa kuanzia hapo? Na niuze kwenye tovuti yangu mwenyewe, au nijiunge na masoko ya mtandaoni kama Etsy? Nina kibali cha kuishi cha kudumu, nafanya kazi za zamu, kwa hiyo muda wangu ni jioni na siku za mapumziko tu.

---

Kutoka: Bi S., Reading

Waaleikum salaam Mama Z. Hizo 600 zishike kwanza. Ni mtaji wa mzigo hizo. Khanga inauzwa na picha yake, maelezo yake, na mteja kuipata siku uliyomwambia. Nembo itangoja.

Kaa chini upige hesabu ya doti moja mpaka mlangoni kwa mteja. Tuseme unaiuza pauni 24, posta ikiwa humo humo. Etsy wanatoza senti 20 za dola kuweka bidhaa moja, inakaa miezi 4. Ikiuzwa wanakata asilimia 6.5 ya alicholipa mteja, na kwa sisi wa Uingereza asilimia 4 nyingine pamoja na peni 20 kwa kupokea malipo. Jumla hapo zimeshaondoka karibu pauni 2.90. Posta yenye namba ya kufuatilia tuseme 4, bahasha nusu pauni. Doti yenyewe, ukichanganya bei ya Kariakoo, nauli ya ndege na ushuru, tuseme imekugharimu 8. Unabaki na pauni 8.60.

Sasa angalia hapa, maana wengi panawapita. Etsy wanatangaza bidhaa zako nje ya Etsy, na mteja akija kwa njia ya tangazo hilo wanakata asilimia 15 zaidi. Ile 8.60 inageuka 5. Duka ambalo halijafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka linaruhusiwa kuyazima matangazo hayo kwenye mipangilio. Ama uyazime, ama upange bei ukijua yapo. Usiyaache tu ukashangaa mwisho wa mwezi.

La pili ni posta. Royal Mail wanaangalia kwanza ukubwa. Bahasha isiyozidi sentimita 35.3 kwa 25, unene sentimita 2.5 na uzito gramu 750, wanaihesabu barua kubwa. Ukizidisha unene kidogo tu, hicho ni kifurushi na bei inapanda. Doti ilivyokunjwa dukani huwa imevimba katikati. Ikunjue yote, uikunje upya kwa upana wa bahasha, mikunjo ilale bapa, na kila mkunjo uukandamize kwa kiganja ili hewa itoke. Chukua kipande cha boksi, kata mwanya wa sentimita 2.5, upitishe bahasha humo kabla hujatoka nyumbani. Khanga nyepesi inapita. Kitenge kizito cha yadi 6 usikihangaikie, kiwekee bei ya kifurushi tangu mwanzo.

Kuhusu tovuti au soko: anza na soko kwa wateja wasiokujua, kwa sababu watu wanaingia pale wakitafuta kitu cha kununua. Tovuti mpya haina mpita njia. Wale wanaokujua wauzie moja kwa moja kwa WhatsApp Business, ina katalogi ya kuweka picha na bei, na hapo hukatwi asilimia yoyote ya soko. Tovuti utaijenga ukishaona ni mitindo gani inatoka na nani anarudi kununua tena.

---

Kutoka: Kaka M., Manchester

Bi S. kamaliza ya bei, mimi niongeze ya serikali.

Dada, mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili. Mauzo yako yakizidi pauni 1,000 ndani ya mwaka huo, unatakiwa ujiandikishe HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama mtu aliyejiajiri, hata kama una ajira inayokukata kodi kwenye mshahara. Nasema mauzo, yaani fedha yote iliyoingia kabla hujatoa gharama. Watu wetu wengi wanahesabu faida, wanajiona wako chini ya kiwango kumbe wamekipita zamani. Mwisho wa kujiandikisha ni 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kwisha, na hesabu zinapelekwa mtandaoni kabla ya kupita 31 Januari. Wala usidhani haionekani: tangu 2024 masoko ya mtandaoni yanakusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, kwa yeyote aliyeuza mara 30 au zaidi, au aliyepokea zaidi ya takriban pauni 1,700, kwa mwaka wa kalenda. VAT usiiwazie kwa sasa, kujiandikisha ni lazima mauzo yakizidi pauni 90,000.

Kama kuna mtu hapa anapokea Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na anataka kufanya kama Mama Z., mapato na gharama za biashara anaripoti kila mwezi. Asingoje hesabu za mwaka.

Fungua akaunti ya benki ya peke yake kwa biashara hii. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi akuandikie risiti ya kila mzigo, hata kama ni damu yako, yenye tarehe, idadi na bei. Bila hiyo utamwonyesha nini ofisa wa kodi, au wa forodha?

Halafu haki ya mteja. Aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo za kubadili mawazo bila kukupa sababu, na akishakuambia ana siku 14 nyingine za kuurudisha. Unamrudishia bei pamoja na ile posta ya kawaida aliyolipa mwanzo. Ya kurudishia ni juu yake, mradi ulimwambia mapema. Usipomjulisha haki hiyo, muda wake unaweza kurefuka hadi mwaka mzima juu ya zile siku 14. Gauni ulilomshonea kwa vipimo vyake halimo kwenye haki hii, ila doti isiyokatwa imo. Ndiyo maana kwenye hesabu ya Bi S. usile faida yote, tenga kidogo kwa ajili ya zitakazorudi. Na kwenye duka lako liandikwe jina lako na anwani ya mahali halisi. Namba ya simu peke yake haitoshi.

---

Kutoka: H., Coventry

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, niko kwa viza ya masomo. Nataka nifanye kama Mama Z., nianze kidogo kidogo tu kwa Instagram. Saa 20 za kazi kwa wiki si zinaruhusiwa?

---

Kutoka: Kaka M., Manchester

Marahaba mdogo wangu. Saa 20 ni za kuajiriwa wakati wa muhula. Kujiajiri na kufanya biashara viza ya mwanafunzi hairuhusu, hata doti moja, hata kwa Instagram, hata ukitumia akaunti ya rafiki. Ukibainika unahatarisha viza yenyewe, na ada uliyolipiwa na wazazi ni kubwa mno kuichezea. Soma kwanza. Kajifunze kupiga picha na kuandika maelezo kwa kumsaidia mtu aliyekuajiri kihalali, hilo hakuna wa kukukataza, na siku ukibadilisha viza ujuzi utakuwa nao.

---

Kutoka: Mama Z., Leicester

Nawashukuru sana, Mungu awazidishie. Mwenye nembo nimemwambia angoje. Sasa wateja. Huku kwetu wengi wanapenda, lakini ni "nikopeshe, nitakulipa mwisho wa mwezi". Na wasio wa kwetu nitawafikiaje? Pia dada yangu anapika visheti na kashata nzuri sana, tunafikiria kuviuza pamoja na khanga.

---

Kutoka: Dada N., Slough

Mama Z., kwenye mkopo uwe na jibu moja kwa watu wote, hata wifi yako: malipo kwanza, mzigo unatoka kesho yake. Liandike kwenye katalogi, mtu alisome kabla hajakuuliza. Ukimkopesha mmoja, kikundi kizima cha WhatsApp kitajua kabla ya magharibi.

Kwa watu wetu, usiwinde mnunuzi wa doti moja moja. Tafuta sare. Hapa Uingereza harusi zetu nyingi zinafanyika kiangazi, na kila harusi ina kicheni pati, ina sendofu, ina kamati inayohangaika kutafuta kitambaa cha kufanana kwa watu 30 au 40. Mwenyekiti wa kamati mmoja ana thamani kuliko wafuasi elfu wa Instagram. Kuanzia Januari uwe umeshawatumia mitindo, na uwaambie tarehe ya mwisho ya kuagiza. Malipo ya awali yapokee kabla shangazi hajagusa mzigo, na doti zote zinunuliwe kwa pamoja na za akiba juu yake, kwa sababu mtindo wa khanga ukiisha dukani mara nyingi ndio umeisha. Ukaja kuambiwa watu watano wameongezeka, utawapa nini?

Weka kalenda ya mwaka ukutani. Siku ya akina mama huku inaangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, kabla ya ile ya Mei inayojulikana nyumbani, kwa hiyo una misimu miwili. Eid zote mbili. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule na vyama vya Waswahili vinafanya maonyesho. Oktoba ni mwezi wa historia ya watu weusi hapa Uingereza, na halmashauri, maktaba na shule hutafuta watu wa kuweka meza. Waandikie Juni au Julai, Oktoba yenyewe umeshachelewa.

Kwa wasio wa kwetu, picha ndiyo muuzaji. Khanga itandaze yote, pindo na mji vionekane, na jina lisomeke bila kukuza. Picha ya pili iwe imevaliwa, ya tatu iwe karibu kabisa nyuzi zionekane. Piga dirishani saa nne asubuhi hadi saa nane mchana bila taa, kwani taa ya njano inabadilisha rangi nyekundu na mteja atakurudishia akisema si aliyoiona. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na wewe unafanya kazi za zamu, basi piga picha za msimu mzima siku moja ya mapumziko.

Maelezo yataje urefu na upana kwa sentimita, upime wewe mwenyewe kila mtindo kwa sababu hazilingani. Taja kwamba ni pamba asilimia 100 kama kweli ni pamba. Aina ya nyuzi ni lazima kisheria itajwe, na mnunuzi aione kabla hajalipa. Kuna vitambaa vya poliesta vinauzwa Kariakoo kwa jina la khanga, mwambie shangazi asikuletee hivyo. Andika pia kwamba khanga mpya ina wanga na huchuja rangi, ifuliwe peke yake kwa maji baridi mwanzoni. Mtu wa kwetu anajua. Mzungu wa Bristol ataitumbukiza na mashuka meupe.

Namba za wateja usizitumie kuwatumia matangazo kama hawakukubali. Kwa kawaida sheria inakataza, na watu wanachukia.

Visheti na kashata, tafadhali vitenge na khanga. Chakula kinataka usajili kwa halmashauri ya mji wenu siku 28 kabla ya kuanza kuuza, hata kama mnapikia jikoni nyumbani. Ni bure na hawawezi kuukataa, ila watakuja kukagua jiko. Kuna vyakula 14 vya mzio ambavyo ni lazima vitajwe, na karanga, ufuta, maziwa na ngano vimo. Kashata ya karanga ikifungwa na kuuzwa mtandaoni inahitaji lebo ya viambato, karanga ikikolezwa wino, na mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa. Hili msilifanyie mzaha hata kidogo, mtu anaweza kufa kwa punje moja. Dada yako aanze kivyake, kwa utaratibu wake.

---

Kutoka: Mama Z., Leicester

Nimeelewa, tutavitenga. La mwisho nalowauliza ni la forodha. Kuna jirani yangu anakwenda Dar mwezi ujao, anasema atanibebea begi moja na hakuna haja ya kulipa chochote. Mwingine kaniambia shangazi aandike "zawadi" kwenye mzigo.

---

Kutoka: Bi S., Reading

Yote mawili hapana, Mama Z. Kile kiwango cha abiria kisicholipiwa ushuru ni cha vitu vyake binafsi na zawadi. Bidhaa za kuuza hazina kiwango hicho, hata zikiwa kwenye begi, ni lazima azitaje. Jirani yako ndiye atakayesimamishwa uwanjani na khanga 50 zinazofanana. "Zawadi" nayo ni tamko la uongo kwenye karatasi yenye jina lako, na mzigo unaweza kuzuiwa.

Omba namba ya EORI, ndiyo namba ya forodha ya mtu anayeingiza bidhaa, kwenye tovuti ya serikali, ni bure. Shangazi aandike ankara ya kweli. Mzigo ukifika utalipia VAT ya asilimia 20 ya kuingizia bidhaa. Ushuru wa forodha wenyewe unaweza kuwa sifuri, kwa sababu Tanzania imo kwenye mpango wa Uingereza wa nchi zinazoendelea ulioanza Juni 2023, lakini hiyo ni kwa kitambaa chenye asili ya Tanzania na ushahidi wa asili uwepo. Khanga iliyochapwa India ikapitia Kariakoo haiwi ya Tanzania kwa kununuliwa pale. Mwulize shangazi kila mtindo umetoka kiwanda gani, na ankara itenganishe za kiwanda cha nyumbani na za nje.

Mimi nina mzigo unakuja mwezi ujao, na nafasi ipo ya kilo 10 hivi. Ukitaka tuchangie nauli sawa, ila kwenye karatasi mwingizaji ni mmoja, na huyo ndiye anayedaiwa na forodha. Kwa hiyo nitumie ankara ya shangazi na fungu lako la VAT kabla mzigo haujapanda ndege, tuandikiane. Nijibu kabla ya Ijumaa, msafirishaji anafunga Jumamosi.

---

Kutoka: Mama Z., Leicester

Nimo. Ankara nimeshamwomba, nakutumia kesho usiku nikitoka zamu. Doti 40, zote za pamba, mitindo minane.