Naomba ushauri: kugeuza diski ya FAT32 iwe NTFS bila kupoteza video

Wenzangu, salaam aleikum. Niko Majengo, Mombasa, kazi yangu kupiga video za harusi. Diski yangu ya nje ya terabaiti 1 imejaa zaidi ya nusu, na ilikuja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32. Sasa video ndefu haziingii, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja kufika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Kuikata vipande wateja hawataki (bi harusi ataka kuketi na shoga zake watazame mfululizo).

Najua Windows ina amri ya convert E: /fs:ntfs, inayogeuza mfumo uwe NTFS, unaokubali faili kubwa, bila kufuta faili. Najua pia ukishageuza hakuna kurudi FAT32 ila kwa kufomati, yaani kufuta vyote. Kinachonitia hofu ni stima. Huku ikipotea haibishi hodi, na kompyuta yangu ni ya mezani, UPS (betri ya akiba stima ikikatika) sina. Ikikatika katikati, faili zitasalimika?

Fundi mmoja aniambia nikague kwanza diski kwa chkdsk (amri ya Windows ya kutafuta hitilafu), kisha nigeuze. Mwingine asema nihamishe kila kitu, nifomati exFAT (mfumo mwingine unaokubali faili kubwa, na Mac huuandikia), nirudishe, maana mhariri mwenzangu atumia Mac, ambayo yenyewe husoma NTFS lakini haiandiki. Naegemea huyu wa pili, ila diski kubwa ya kuazima msimu huu wa harusi, nani atakupa?

Aliyewahi kugeuza diski iliyojaa hivi, nishaurini tafadhali. Na televisheni zenu za nyumbani, zinaisoma exFAT?