Mbwa koko wa mitaani: manispaa iwaue au iwachanje?

Mlalahoi wa Kibamba: Wakuu, huku kwetu ukitoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, jiwe mkononi. Jana mtoto wa jirani kang'atwa shavu la mguu. Nimezungushwa ofisi mbili, kila mmoja anasema si kazi yake. Hivi kazi ya manispaa kwa hawa mbwa ni ipi hasa, kuua au kuchanja?

Chuma: Risasi. Zamani bwana mifugo akipita na bunduki mtaa mzima unatulia. Mbwa hana mkanda shingoni, hana mwenyewe.

Daktari wa Ng'ombe: Kwanza huyo mtoto. Kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15? Kisha hospitali leo leo, msingoje dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa haponi. Na wewe Chuma, ukiua hawa wanahamia wengine, jalala si lipo palepale? Mbwa wakichanjwa asilimia 70 ugonjwa unakatika. Ila na nyie wa huko porini mnafuga mbwa wa kulinda kuku, mchana mnawaachia wakajitafutie.

Mlalahoi wa Kibamba: Porini? Kibamba ni Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam. Kodi ya jengo nalipa kama wewe.

Mtoto wa Kariakoo: Dar inaishia Ubungo mataa. Ukivuka hapo wewe ni Morogoro.

Mlalahoi wa Kibamba: Stendi ya mikoa iko wapi toka 2021? Si Mbezi Luis? Ukitaka kwenda kumsalimia bibi yako unakuja huku huku porini na begi kichwani.

Mtoto wa Kariakoo: Mbezi si Kibamba mzee. Usidandie.

Chuma: Rudini kwenye mada. Kama risasi ghali, utumbo na sumu.

Bi Mkubwa Temeke: Utumbo huo ataula paka wangu. Kunguru tu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, mpaka leo wanatunyea nguo kambani, sumu wamelishwa na bado wapo. Mbwa ndiyo mtawaweza?

Daktari wa Ng'ombe: Halafu kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Chuma: Ya ustawi wa wapangaji ya lini?

Bi Mkubwa Temeke: 😂😂 Baba Kibamba, mtoto vipi? Zile sindano 14 za kitovuni ataziweza?

Daktari wa Ng'ombe: Mama, hizo za enzi zenu. Siku hizi ni mkononi: leo, siku ya tatu, ya saba, halafu watamwambia kama kuna nyingine.

Bi Mkubwa Temeke: Enzi zetu? Unajua nina miaka mingapi wewe?

Mlalahoi wa Kibamba: Kachomwa ya kwanza asubuhi. Kalia kidogo, kapewa biskuti.

Mtoto wa Kariakoo: Ya pili mlete mjini, naye aione Dar.

Mlalahoi wa Kibamba: Anachomwa huku huku porini.